Bulabo: maswali ninayoulizwa kila mwaka mavuno yakikaribia

Mahindi yakianza kukauka shambani, simu yangu nayo inaanza kuita. Binamu yuko Dodoma, rafiki niliyesoma naye kahamia Arusha, jirani mmoja amekaa Mwanza miaka sita na hajawahi kupita Igoma. Wote wanauliza yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika mara moja nimtumie kila mtu. Mimi si mratibu wa sherehe wala sina kitambulisho cha kamati. Ni mtu wa Kisesa tu, niliyebebwa mgongoni kwenda Bujora kabla sijajua kutembea.

Bulabo ni nini hasa?

Ni sherehe ya ngoma ya Wasukuma baada ya mavuno. Inafanyika Bujora, Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza kwa barabara ya Musoma. Neno lenyewe ni Kisukuma na maana yake ni maua, yale yanayobebwa kwenye maandamano ya Ekaristi.

Sherehe hii ina wazazi wawili. Wa kwanza ni mbina, yaani ngoma za mashindano, ambazo wakulima walicheza mavuno yakiisha tangu kabla Usukumani hakujajengwa kanisa. Wa pili ni Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, yaani Ekaristi, ya Wakatoliki. Aliyewaozesha ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye watu walimpa jina la Fumbuka. Miaka ya 1950, wakati wamisionari wengi wakiwaambia waumini waiache ngoma nje ya geti, yeye na wazee wa Kisukuma walikuwa wanakusanya nyimbo, ngoma za watemi na vyombo vya nyumbani. Matokeo yake ni Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1968. Bulabo inachezewa hapohapo.

Inafanyika lini?

Fuata Pasaka. Hesabu wiki tisa kutoka Jumapili ya Pasaka, utaangukia Jumapili ya Ekaristi. Mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, kwa hiyo Jumapili hiyo ni tarehe 7 Juni. Ngoma huanzia karibu na hapo na kuendelea siku kadhaa. Ratiba kamili ya mwaka husika waulize Bujora wenyewe kabla hujakata tiketi ya basi, maana kuna miaka siku zimesogezwa.

Kwa nini mwezi wa sita?

Kwa sababu kabla ya hapo hakuna mwenye nafasi. Mvua za masika zinakata mwezi wa tano. Mpunga unavunwa kwenye majaruba, mtama unaingia kwenye vihenge, pamba inaanza kuchumwa na kuuzwa, na viazi vitamu vinachimbwa vikatwe vianikwe. Halafu jua linawaka mfululizo, njia zinakauka, mto uliokuzuia kwenda kwa shemeji unavukika kwa miguu. Mtu ana chakula ndani na ana hela kidogo ya pamba. Hapo ndipo mtu anakumbuka kwamba kuna wimbo aliutunga Januari akiwa ameinama na jembe, na kuna watu anataka wausikie.

Nani anashindana na nani, na mshindi anapatikanaje?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo vumilia kidogo.

Vikundi vya ngoma vya Usukumani vimegawanyika pande mbili: Bagika na Bagalu. Masimulizi yanazirudisha pande hizi kwa waganga wawili mahodari wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi, wakaenda kuumaliza ubishi uwanjani. Wafuasi wao wakarithi ubishi na wajukuu wakaurithi tena. Ukitaka kuelewa hisia zake fikiria Simba na Yanga, ila hapa wachezaji wote wameshinda wiki nzima wakilima viazi.

Sasa jinsi ya kushindana. Vikundi viwili vinaingia uwanjani wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na vinaanza kwa pamoja. Hakuna anayesubiri mwenzake amalize. Ngoma hizi na zile zinagongana hewani, na mwanzoni utadhani kuna fujo. Wewe mtazamaji uko katikati. Upande huu manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, ametupa tusi la kistaarabu kwa wapinzani na watu wanacheka, unasogea usikie. Upande wa pili mtu amerusha jembe juu na vumbi limetimka, unageuka. Ukisogea, umepiga kura. Kikundi kitakachokuwa kimezungukwa na watu wengi mwishoni ndicho kimeshinda.

Kwa hiyo ukiniuliza "tukae wapi tuone vizuri?", nakuambia usikae. Mwaka mmoja nilimpeleka mgeni aliyekuja na kiti chake cha kukunja, akakifungua kwa heshima mbele ya Bagalu. Bibi mmoja mwenye kanga ya bluu akamshika mkono: "Ng'wanone (mwanangu), ukikaa hapo umeshachagua, na wale wa kule hujawaona." Akamvuta mpaka katikati, akamwachia, akarudi mwenyewe upande wake. Kile kiti nilikibeba mimi mpaka jioni.

Kwa kuwa umati ndio ushindi, vikundi hubuni kila mbinu ya kuuvuta: mavazi, sarakasi, wanyama, sanamu za mbao zenye mikono inayochezeshwa, na ndiyo, dawa za kuvutia watu. Kabla ya kuingia uwanjani utawaona wakinong'ona na mganga wao pembeni. Usiende kuchungulia. Binafsi naona dawa kali kuliko zote ni manju mwenye sauti na mdomo mchafu kiasi. Ninachokichukia ni spika. Miaka hii mtu analeta maspika makubwa kama kabati, na mtazamaji anavutwa na umeme badala ya ngoma. Hiyo naiita kuiba kura.

Ngoma zipi nisizikose?

Bugobogobo, kwanza kabisa. Ndiyo ngoma ya jembe. Asili yake ni shambani, vijana wakilima kwa zamu mashamba ya watu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, huku ngoma ikipigwa ili majembe yote yashuke kwa mpigo mmoja. Uwanjani wanacheza na majembe yaleyale: linarushwa, linazunguka, linadakwa kwa mpini. Simama hatua kumi nyuma. Sijawahi kuona ajali, lakini nimeona jembe likitua mahali ambapo sekunde moja kabla palikuwa na ndala za mtu.

Banunguli ni wawindaji wa nungunungu, mnyama anayemaliza karanga na viazi vya watu usiku. Mwindaji aliingia shimoni kumfuata kwa kutambaa. Ukilijua hilo ndipo utaelewa kwa nini wachezaji wanainama vile.

Bayeye ni wacheza na nyoka, nitawarudia.

Wigashe watu wengi huipita kwa sababu wachezaji wamekaa. Ndivyo ilivyo, na jina lenyewe linatokana na kukaa. Wanaimba, mabega na mikono inakwenda kama majani ya mgomba kwenye upepo, wote kwa pamoja. Ipe dakika kumi kabla hujahama.

Nyoka ni wa kweli?

Ni wa kweli. Mara nyingi ni chatu. Bayeye hawakuanza kama watumbuizaji: walikuwa chama cha watu waliojua kukamata nyoka na kutibu walioumwa, na ngoma ilikuwa tangazo la ujuzi wao. Ukiombwa umshike, unaweza kukataa bila kumkosea mtu. Ukikubali, mtoe mtoto mgongoni kwanza.

Nitakula nini?

Utakula vizuri, mradi usikimbilie chipsi. Chipsi zipo Mwanza nzima.

Tafuta mama ntilie mwenye ugali wa mtama au wa udaga. Udaga ni muhogo uliovundikwa kabla ya kuanikwa na kusagwa. Harufu yake inakufika kabla ya sahani, na mgeni hukunja uso. Umege, uchovye kwenye mchuzi wa sato au mlenda, halafu uniambie. Mgagani uliopikwa kwa karanga au maziwa ni mboga nyingine ya kutafuta, uchungu wake ni wa kistaarabu. Maziwa ya mgando uliza kama yametoka kwenye kibuyu, kwa sababu kile kimoshi cha kibuyu huwezi kukipata kwenye ndoo ya plastiki.

Halafu kuna michembe na matobolwa, ambavyo wageni huvichanganya kila siku. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya miamba, na hii miamba ya Mwanza imeanika michembe kabla haijaanza kupigwa picha na watalii. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, kwa hiyo ni vigumu, vitamu, na unavitafuna hivyohivyo kama peremende. Michembe unaichemsha, ukiipata na karanga na chai ya maziwa asubuhi yenye baridi ya Juni huna haja ya mkate. Hicho ndicho chakula kilichowavusha watu miezi ya njaa. Mama yangu alikuwa na gunia la akiba nyuma ya mlango, na tulilijua kwa harufu.

Pombe ya mtama ipo. Kunywa kidogo, jua ni kali.

Je, sato na sangara ni chakula cha asili?

Kaa chini kidogo. Sangara ni mgeni: aliletwa ziwani na wakoloni katika miaka ya 1950 na 1960, akatulia, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa ziwa zima na amekula aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa letu, hadi zikatoweka. Minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, huku mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki kiwandani, yakiliwa na watu wetu. Sato naye, huyu tunayejivunia kwenye kila hoteli ya Mwanza, aliingizwa kipindi hichohicho. Wenyeji wa kweli wa ziwa ni ngege, ningu, furu, kambale, kamongo na dagaa.

Na usianze kucheka, maana mahindi, muhogo, viazi vitamu na karanga vyote asili yake ni Amerika. Kwenye sahani yako ya "kiasili" wenye kudai Uafrika bila kupingwa ni mtama, uwele na mgagani. Mimi sato naendelea kumla, tena wa kuchoma, na ndimu.

Nataka kurudi na dagaa. Ninunue wapi na nitajuaje wazuri?

Bei ya jumla na wingi vipo Mwaloni, Kirumba, mjini. Kwenye sherehe utapata mafungu tu.

Kwanza angalia mwezi angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwangaza wa taa unawakusanya na kuwapandisha juu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, wavuvi wanarudi nyumbani kushona nyavu, na bei inapanda. Ukifika siku za mwezi mpevu ukalia kuwa dagaa ni ghali, hujaonewa.

Pili, uliza wameanikwa wapi. Walioanikwa kwenye chanja ni wasafi. Walioanikwa chini wana mchanga, hata wakipepetwa mara tatu. Kipimo changu: chukua wachache, wasugue taratibu katikati ya viganja, wamimine, kisha pitisha ulimi kwenye kiganja. Muuzaji atakununia, lakini utajua. Mimi mwaka mmoja niliona haya kufanya hivyo mbele ya watu, nikanunua debe zima kwa mama mmoja mchangamfu sana. Nyumbani tulitafuna mchanga mpaka Agosti. Wazuri wanang'aa kama fedha, hawajavunjika vichwa na hawana rangi ya njano.

Kuna sanaa ya kuona au kununua, au ni ngoma tu?

Makumbusho yenyewe ndiyo sanaa. Jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani kuna ngoma za kitemi na vitu vya tawala za zamani. Utemi ulifutwa na serikali miaka michache baada ya Uhuru, na vifaa vingi vingepotea kama visingehifadhiwa hapa. Kuna nyumba ya msonge ya kuingia, na kuna sehemu ya wafua chuma. Jengo la vyama vya ngoma lina kila upande na mambo yake, Bagika na Bagalu. Hata kanisa ni la duara kama nyumba ya Kisukuma. Chukua mwongozaji: bila yeye utaona vigoda tu, ukiwa naye utajua nani aliruhusiwa kukikalia kipi.

Kununua: vibuyu vilivyochorwa, vyungu, vigoda vya kuchonga, vikapu. Kibuyu cha maziwa kinuse kwanza. Kisichonukia moshi hakijawahi kutumika, ni pambo.

Lazima niwe Mkatoliki? Lazima nijue Kisukuma?

Hapana na hapana. Misa ni kwa anayetaka, uwanja ni wa wote. Kwa lugha, beba maneno mawili: "mwangaluka" kwa salamu ya asubuhi, na "wabeja" kwa asante. Mwanamke mtu mzima muite "mayu" uone chakula kitakavyoongezeka kwenye sahani. Mizaha ya manju mwombe jirani akutafsirie, na akisema "hii haitafsiriki" jua ndiyo tamu.

Hii ndiyo ile ambayo Rais Samia alipewa uchifu?

Ile ilikuwa Kisesa pia, ndiyo maana watu wanachanganya. Septemba 2021 kwenye tamasha la utamaduni Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa Chifu Hangaya. Lilikuwa tukio lingine, lenye machifu kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Bulabo ni ya Juni na ni ya vikundi vya ngoma.

Na Nane Nane?

Nane Nane ni sikukuu ya kitaifa ya wakulima, tarehe 8 Agosti, na maonyesho yake huku yanafanyika uwanja wa Nyamhongolo. Nenda kama unataka kuona trekta, mbegu na ng'ombe wa maziwa. Ngoma zipo, lakini zinapigwa kwa zamu jukwaani mbele ya mgeni rasmi, na anayeamua ni yeye.

Nafikaje?

Kutoka mjini panda daladala za Kisesa, zinapita Buzuruga na Igoma. Ukishuka Kisesa, bodaboda au miguu mpaka Bujora, ni karibu. Ukitokea Musoma, Bunda au Magu usifike mjini, mwambie kondakta akushushe Kisesa. Ukitokea Shinyanga na gari lako, Usagara kuna barabara inayokata moja kwa moja hadi Kisesa, itakuepusha na foleni ya Mwanza. Watu wa Geita, Sengerema na Bukoba sasa hamna kisingizio: Daraja la Kigongo–Busisi, lenye jina la John Pombe Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025, na ile habari ya kulala kwenye foleni ya kivuko imekwisha.

Kurudi, ondoka kabla giza halijaingia. Baada ya hapo daladala zinajaa zikiwa bado Kisesa na bei ya boda inategemea sura yako.

Nilale wapi?

Gesti za Kisesa zinajaa mapema. Mjini vyumba ni vingi, vya kila bei.

Naruhusiwa kupiga picha?

Uwanjani piga. Mganga na dawa zake, usipige. Mzee aliyekaa peke yake, muulize kwanza. Ukimpiga mchezaji picha ya karibu naye akakutazama, mtuze kitu, hata kama ni noti ndogo. Kutuza ni sehemu ya ngoma.

Baada ya ngoma tunaweza kwenda kuogelea ziwani?

Jibu langu ni hapana, na najua mtakwenda. Maji ya ukingoni yenye majani na konokono yana kichocho, na sehemu nyingine zina mamba. Nenda kapige picha Jiwe la Bismarck, kaa Capripoint ule samaki, miguu ibaki kwenye viatu.

Nije na nini?

Kofia. Viatu vya kufunika vidole, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya majembe. Maji ya kunywa. Sweta kwa jioni, Juni upepo wa ziwa unauma. Hela ndogondogo, kwa sababu mama wa michembe hana chenji ya elfu kumi na siku hiyo mtandao wa simu unalemewa, wakala anakuangalia tu. Mfuko wa dagaa usiovuja, au jirani yako kwenye basi atakuchukia mpaka Singida. Na kiti cha kukunja kiache nyumbani.